Somo la Sayansi: Kosa la Kimo

Mnunuzi wa dhahabu mwangalifu hapimi kitu kabla ya kuona mizani imesimama kwenye sifuri. Jambo hilo nalijua tangu utotoni hapa Shinyanga, lakini siku moja nililisahau.

Nilisaga kipande cha mwamba wa chuma kutoka Geita, nikautia unga wake katika mashine ya eksirei. Miali ikiupiga unga, hurudi kwa nguvu katika pembe maalumu tu, nazo huonekana mchoroni kama vilele. Kila madini ina pembe zake. Kwa miali ya shaba, kilele kikubwa cha magnetaiti kiko digrii 35.42. Magemaiti, yaani magnetaiti iliyoliwa na hewa, iko karibu na 35.63. Sumaku huzivuta zote mbili, basi haiwezi kuamua. Mimi niliona 35.64, nikaandika "magemaiti".

Mwalimu wangu akatazama, akauliza, "Mwanangu, kwatzi yako iko wapi?"

Kwatzi, lile jiwe jeupe wanalolifuata wachimbaji, hukaa 26.64. Yangu ilikuwa 26.86! Kumbe nilijaza unga mno, ukapanda milimita 0.4 juu ya mahali pake. Chuma changu kilikuwa magnetaiti. Taarifa yote nikaichana.

Hesabu yake ni hii. Zidisha kimo kilichozidi kwa 2, kisha kwa kosaini ya nusu ya pembe. Gawanya kwa umbali kutoka unga mpaka kipokea miali (kwangu milimita 200). Zidisha kwa 57.3 upate digrii. Penye 26.64 kosa ni 0.22, penye 120 ni 0.11 tu. Lakini sifuri ya mashine ikiwa mbovu, vilele vyote husogea sawasawa. Kwa hiyo kilele kimoja hakitoshi kujua kosa ni lipi. Tazama viwili vilivyo mbalimbali.

Siku hizi programu hulinganisha mchoro mzima na hesabu, kwa njia aliyoieleza Mholanzi Hugo Rietveld mwaka 1969. Lakini jihadharini: usiporekebisha kimo kwanza kwa kutumia madini unayoijua, programu itabadili umbali wa atomu ili kuficha kosa lako, nawe utausingizia mwamba.

Sasa, wanafunzi, tafuteni wenyewe: kimo kikizidi milimita 0.1, kwatzi itaonekana wapi?