Mawimbi Yasiyo ya Maji

Msomaji, ukisimama ufukoni Palma au Mocímboa da Praia asubuhi isiyo na upepo, tazama mashua zilizotia nanga. Ikiyumba moja tu, huenda kuna mtu ndani anayejongea. Lakini zikiinuka na kushuka zote, kila moja kwa zamu yake, utajua kwamba wimbi limeingia kutoka bahari kuu. Ndivyo wataalamu watafutavyo mawimbi ya uvutano.

Mwaka 1916 Albert Einstein alieleza kwamba vitu vizito vizungukanapo huitikisa nafasi yenyewe, na mtikiso huo husafiri kwa mwendo wa nuru. Mwaka 2015 mitambo ya LIGO huko Marekani ilinasa wimbi moja fupi la namna hiyo. Lakini yako pia mawimbi marefu mno, ambayo kupita kwa moja huchukua miaka. Hayo mtambo huo hauyawezi.

Basi mashua zetu ni nyota ziitwazo pulsa. Pulsa ni masalio ya nyota kubwa iliyokufa. Nyingine huzunguka mara mamia kwa sekunde, na kila mzunguko hutuletea mpigo wa redio, sawasawa kama saa. Wimbi likipita, mpigo huwahi au huchelewa kidogo sana.

Pulsa moja ikichelewa, si ushahidi; huenda ina kasoro yake. Sharti ziwe nyingi, tena kwa mpango: zilizo jirani mbinguni zichelewe pamoja, na zilizotengana kwa pembe mraba zielekee kwenda kinyume. Hellings na Downs waliukokotoa mpango huo mwaka 1983. Juni 2023 wataalamu wa Marekani, Ulaya, India, Australia na China walitangaza dalili zake. Desemba 2024 wale watumiao MeerKAT, darubini ya redio yenye sahani 64 katika nchi jirani ya Afrika ya Kusini, walitangaza dalili kutoka pulsa 83.

Yatoka wapi? Wengi hudhani ni jozi za mashimo meusi makubwa mno. Lakini huenda mengine yatoka mwanzo wa ulimwengu, kabla nuru haijaweza kusafiri huru. Yakithibitika, yatatupa habari ambazo nuru haiwezi kuzileta. Ndiyo maana haraka haifai: mwaka 2014 wataalamu wengine walidhani wameona alama ya mawimbi ya mwanzo, kumbe sehemu kubwa ilikuwa vumbi la galaksi yetu.

Swali: Kwa nini pulsa moja haitoshi?