Mkundaji na Mwamba Wake

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyeumba bahari na vilivyomo ndani yake. Na sala na amani zimshukie Bwana wa Mitume, Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad:

Katika viumbe ambavyo wavuvi wa pwani huviona kila siku, na wachache huvizingatia, yumo samaki aitwaye mkundaji. Jamaa zake ni wengi, na Waarabu wa Shamu humwita mmoja katika ukoo huo Sultani Ibrahimu. Atajwaye hapa ni yule mweupe mwenye mstari wa weusi utokao mdomoni, ukapita jichoni, ukaenda mgongoni, na mwenye doa jeusi la mviringo penye shina la mkia. Mtaalamu Mfaransa Lacepède alimwandika katika vitabu vya elimu mwaka 1801, na jina lake la kitaalamu ni Parupeneus barberinus. Hupatikana tangu pwani ya Afrika Mashariki hata visiwa vya bahari ya Pasifiki, na mkubwa wao hufika urefu wa sentimita 60.

Chini ya kidevu chake Mwenyezi Mungu amemjaalia ndevu mbili, nazo ndizo zimwonjeshazo chakula. Aogeleapo huzikunja, afikapo penye mchanga huzishusha, akapapasa hata akatambua mnyoo au kaa mdogo aliyejificha, ndipo akafukua. Samaki wengine humfuata nyuma, wakala wale wamponyokao. Hivyo riziki ya mmoja huwa mlango wa riziki ya wengi, na hilo ni somo kwa mwenye akili.

Makao yake ni pale mchanga unapokutana na mwamba. Mchana hutafuta chakula mchangani na penye majani ya bahari, usiku hupumzika. Mayai yake huelea, na wachanga huchukuliwa na mikondo ya maji kabla ya kushuka chini na kukaa. Basi yeye huhitaji vitu viwili: mchanga wa kumlisha na mwamba wa kumsitiri.

Ama hukumu yake, ni halali bila shaka, wala hahitaji kuchinjwa. Sura ya Maida, aya ya 96, imeruhusu mawindo ya bahari. Mwenye kumvua kwa dema au mshipi amechuma riziki njema.

Ikiwa mtu atauliza: Maadamu samaki ni halali, kwa nini wakatazwe wanaovua kwa baruti? Atajibiwa: Uhalali wa kitu haumhalalishii mtu kila njia ya kukipata. Zabibu ni halali, na mwenye kuziiba amefanya haramu. Baruti huua mkubwa na mchanga, anayeliwa na asiyeliwa, na wengi huzama wakaoza bila kufaa mtu. Kisha huvunja matumbawe. Katika hayo yako makubwa ya mviringo ambayo hukua kiasi cha sentimita 1 tu kwa mwaka. Basi tumbawe lenye kimo cha mtu limejengwa kwa zaidi ya miaka 150, na mkono mmoja hulibomoa kabla mtu hajamaliza kupiga bismillahi. Hayo ni ufisadi uliokatazwa katika Sura ya Aaraf, aya ya 56. Tena ni kumdhuru jirani, kwani mwamba si milki ya mvuvi mmoja. Hata sheria ya nchi, Sheria ya Uvuvi ya Tanzania ya mwaka 2003, imeikataza baruti.

Na huenda akauliza mtu wa pwani aliyehamia Mkuu, katika Rombo, kwa biashara: Aliye juu ya miteremko ya Kilimanjaro ana jambo gani na mwamba? Atajibiwa: Ana mambo mawili. La kwanza, maji ya mlima hushuka. Mto Lumi hutoka upande wa mashariki wa Kilimanjaro, ukaingia ziwa Jipe. Na maji ya Jipe huenda kwa mto Ruvu hata mto Pangani, nao huishia baharini. Udongo unaoachwa ukachukuliwa na mito hufika mbali, na tope likizidi hufunika matumbawe na majani ya bahari. La pili, yeye ni mnunuzi. Akijua kuwa samaki amevuliwa kwa baruti, naye akamnunua kwa sababu ni rahisi, amemsaidia mharibifu. Na aya ya 2 ya Sura hiyo hiyo ya Maida imekataza kusaidiana katika dhambi.

Wala haya si mazito kwa Waislamu kuyatenda. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, ambacho wenyeji husimulia kuwa Nabii Khidhri alisali hapo, kilifanywa hifadhi mwaka 1998. Na baadaye walimu wa dini waliwafundisha wavuvi kuitunza bahari yake kwa hoja za Kurani na Hadithi.  Walifundishwa kuvua kwa adabu.

Basi na aangalie kila baba atakachomwachia mwanawe. Mali hugawanywa kwa mafungu ya mirathi, ama mwamba hurithiwa na wote, na aliyeuvunja amewadhulumu hata wasiozaliwa. Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kuwa waaminifu wa neema zake. Amin. Wallahu aalam.