Msumeno wa Meza

Mji wa Bukavu umejengwa juu ya vilima na rasi zinazoingia katika ziwa Kivu. Mto Ruzizi hutoka katika ziwa hilo, kando ya mji, ukateremka mpaka ziwa Tanganyika. Katika mto huo watu walijenga bwawa na mashini za umeme, nazo zilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1989 mashini nyingine ziliongezwa chini yake. Umeme huo huwasha taa za nyumba, tena huendesha mashini za mafundi. Seremala wa Kadutu au wa Bagira akipasua mbao kwa umeme huo, ni maji ya Ruzizi yanayomsaidia kazi.

1. Mashini yenyewe

Msumeno wa mkono huenda mbele na kurudi nyuma. Msumeno wa meza ni wa duara kama sahani, na meno yake yamezunguka ukingoni. Umefungwa chini ya meza ya chuma au ya mbao ngumu, na sehemu yake ndogo tu hutokeza juu kwa ufa mwembamba. Mota huuzungusha, na fundi husukuma ubao kuuelekea.

Misumeno ya duara si kitu cha jana. Mwaka 1777 Samuel Miller, mtu wa Southampton katika Uingereza, alipewa hati ya serikali kwa mashini yenye msumeno wa namna hiyo.

Msumeno wenye upana wa sentimeta 25, ukizunguka mara 3,000 katika dakika moja, kila jino lake hukimbia kama meta 39 katika sekunde moja. Ndiyo kusema kilometa 140 kwa saa. Gari haliendi hivyo katika njia za Bukavu! Kwa hiyo mtu hawezi kuuondoa mkono wake kwa wakati akisubiri mpaka asikie maumivu. Usalama wake lazima utangulie kazi.

2. Kuutayarisha msumeno

Kijana mmoja alimaliza shule ya msingi, akaenda kujifunza useremala. Juma la kwanza alifagia unga wa mbao na kupanga mabao ukutani. Juma la pili akauliza, “Fundi, nitapasua lini?”

Fundi akajibu, “Mtoto wangu, utapasua siku utakapojua kuutayarisha msumeno ukiwa umelala.”

Kwanza, fundi alichomoa waya wa umeme, akauweka juu ya meza mahali pa kuonekana na wote. Kisha akamwonyesha kijana mambo matano.

La kwanza ni meno. Meno ya juu yamwelekee mfanyakazi, yawe makali, na nati iwe imekazwa. Msumeno butu humlazimisha mtu kusukuma kwa nguvu, na mtu asukumaye kwa nguvu huteleza.

La pili ni kiongozi, yaani kile chuma kirefu ambacho ubao huegemea. Kiongozi lazima kiwe sambamba na msumeno. Kijana alichagua jino moja, akalitia alama kwa chaki. Akapima toka jino hilo mpaka kiongozi: sentimeta 12. Akauzungusha msumeno polepole kwa mkono mpaka jino lile lile likafika nyuma, akapima tena: sentimeta 11 na milimeta 8.

“Fundi, ni milimeta mbili tu,” akasema.

“Milimeta mbili ni mtego,” fundi akajibu. “Nyuma pakiwa pembamba kuliko mbele, ubao utabanwa. Meno ya nyuma yanapanda juu. Yatauinua ubao na kuutupa kwako.” Basi kijana alikirekebisha kiongozi mpaka vipimo vyote viwili vikalingana.

La tatu ni kimo. Meno yatokeze juu ya ubao kidogo tu, kama milimeta 5. Yanayozidi hapo hayaongezi kazi, yanaongeza hatari.

La nne ni kisu cha nyuma. Hicho ni kipande cha chuma kisicho na meno, kilichosimama nyuma ya msumeno, karibu nao sana, si mbali zaidi ya milimeta 8. Kazi yake ni kuuzuia ufa wa ubao usifumbe.

La tano ni kifuniko cha juu, kinachoukinga mkono na meno.

3. Kuuchagua ubao

Fundi alimfundisha pia kuutazama ubao. Je, una msumari? Jino likigonga msumari, linaweza kuvunjika na kuruka. Je, upande unaoegemea kiongozi umenyoka? Ukiwa umepinda, urandwe kwanza. Tena mbao za mkaratusi zina nguvu iliyofichwa ndani yake: zikipasuliwa, hupenda kujikunja na kuubana msumeno. Hapo kisu cha nyuma humwokoa mtu.

4. Kupasua

Mfanyakazi hukunja mikono ya shati, wala havai glavu, kwa kuwa meno hushika kitambaa na kuvuta mkono. Hukinga macho kwa miwani, na pua na kinywa kwa barakoa nzuri, maana vumbi la mbao likivutwa miaka mingi laweza kuleta saratani ya pua.

Hasimami nyuma ya msumeno sawasawa, bali kando kidogo. Husubiri mpaka msumeno ufikie mwendo wake wote, ndipo husukuma ubao polepole. Mwisho wa ubao unapokaribia, kama sentimeta 30, huacha kutumia vidole, hutumia kijiti cha kusukumia. Vipande vilivyobaki mezani haviokoti mpaka msumeno umesimama kabisa.

5. Umeme unakatika

Siku moja alasiri fundi na kijana walikuwa wakipasua ubao mnene. Walipofika katikati, mota ilinyamaza. Taa nazo zikazimika. Jambo hilo si geni Bukavu.

Kijana aliona kipande kidogo kimekwama kando ya meno. Msumeno ulikuwa kimya kabisa. Akanyosha mkono akitoe.

“Mkono!” fundi akapiga kelele.

Kijana akashtuka, akarudi nyuma. Fundi akakimbilia swichi, lakini kabla hajaifikia, umeme ukarudi. Msumeno ukaanza kuzunguka peke yake. Ubao ukainuka, ukarushwa, ukagonga ukuta wa mbao kwa kishindo. Haukumpiga mtu, kwa sababu wote wawili walikuwa wamesimama kando.

Fundi akazima swichi, akachomoa waya. Hakumtukana kijana. Alisema tu, “Nenda ukutani ukaone.” Kijana akaenda, akakuta shimo ambalo kidole kizima kiliingia.

“Swichi tuliiacha ikiwa imewashwa,” fundi akasema. “Hilo ni kosa langu na lako. Zipo mashini zenye swichi inayojizima yenyewe umeme ukikatika. Hii yetu haina. Kwa hiyo mkono wa mtu ndio uizime.”

Kijana akasema kwa sauti ndogo, “Watu husema ajali haina kinga.”

“Ziko zisizo na kinga,” fundi akajibu. “Lakini hii ilikuwa nayo. Ilikuwa pale ukutani, na jina lake ni swichi.”

Siku tatu baadaye umeme ulikatika tena. Fundi aligeuka aseme neno, akamwona kijana amekwisha kuzima swichi, na waya ameushika mkononi. Fundi akanyamaza. Kesho yake asubuhi alimpa kijana kijiti cha kusukumia, akamwambia, “Leo utapasua wewe.”

MANENO YA KUELEZA

Sambamba: vitu viwili vyenye nafasi sawa kati yao toka mwanzo mpaka mwisho.
Butu: kisicho na makali.
Kiongozi: chuma kinachouongoza ubao uende moja kwa moja.

MASWALI

1. Umeme wa Ruzizi hutoka katika nini?
2. Kwa nini kiongozi hupimwa mbele na nyuma?
3. Kisu cha nyuma kina kazi gani?
4. Umeme ukikatika, mfanyakazi afanye nini kwanza? Na kisha?
5. Hesabu: Msumeno unazunguka mara 3,000 katika dakika moja. Katika sekunde moja unazunguka mara ngapi?
6. Eleza kwa maneno yako jibu la fundi juu ya methali “Ajali haina kinga.”