Umeme wa bei ya saa, na kwa nini LUKU yako haijali saa

Wauzaji wenzangu, leo tuongee umeme. Wengi tunafanyia biashara nyumbani: friza ya juisi na barafu, pasi ya nguo za mtumba, taa ya kupigia picha, simu mbili kwenye chaji kutwa nzima.

Kuna ushauri unazunguka kwamba ukiwasha vitu vyako usiku wa manane unaokoa hela. Ushauri huo ni wa kweli, ila si wa hapa. Uingereza kwa mfano, mtu anaweza kuchagua bei inayobadilika kila nusu saa. Nyumbani kwake kuna mita inayorekodi matumizi ya kila nusu saa, na bei za kesho anaziona kwenye simu tangu leo. Jioni, saa kumi hadi saa moja, watu wanarudi nyumbani na kupika kwa pamoja, mitambo ya gharama inawashwa, bei inapanda. Usiku wenye upepo mwingi umeme unabaki, bei inashuka. Kwa hiyo nguo anafua usiku.

Si raha tupu lakini. Texas, Februari 2021, baridi kali ilizima mitambo na bei ya jumla ikafika dola 9 kwa uniti moja. Waliokuwa kwenye mpango wa kulipa bei ya jumla walipata bili za maelfu ya dola kwa siku chache tu.

Sasa rudi kwenye LUKU yako. Kenya na Uganda bei ya saa ipo kwa viwanda na biashara, lakini LUKU ya nyumbani hapa Tanzania haiangalii saa. Pasi ya saa mbili usiku na pasi ya saa tisa usiku ni bei ileile, kwa hiyo lala zako. Inachoangalia ni umetumia kiasi gani ndani ya mwezi.

Kwa viwango vya EWURA vya 2016, kundi la D1 ni la matumizi madogo ya nyumbani. Uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja, zinazozidi ni 350. Weka VAT asilimia 18, REA 3 na EWURA 1, unapata 122 na 427. Kundi la T1 ni 292 moja kwa moja, na makato inakuwa kama 356.

Piga hesabu. Mtu wa D1 akitumia uniti 75 analipa 9,150. Akitumia 100 analipa 19,825. Yaani uniti 25 za juu zimemgharimu 10,675, zaidi ya zile 75 zote! Na ukizidisha mara kwa mara unahamishiwa T1, ambako uniti 75 zilezile ni 26,700. Hapo ndipo faida ya barafu za mia mia inapoyeyukia.

Hujui uko kundi gani? Chukua meseji ya manunuzi, toa kodi ya jengo na deni kama lipo, hela iliyobaki gawa kwa uniti. Ikija 122 uko D1, ikija 356 hivi uko T1.

Ukiwa D1, bajeti yako ni uniti mbili na nusu kwa siku. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa zima inakula uniti moja, basi nyoosha mzigo wote kwa mkupuo mmoja badala ya kuipasha upya kila oda ikiingia. Juisi ya moto isiingie kwenye friza, iache ipoe kwanza. Soma mita leo jioni na kesho muda huohuo, utajua friza inakula ngapi, na gharama hiyo iingie kwenye bei ya bidhaa. Wengi hawaiweki kabisa, halafu wanashangaa mtaji unapungua.

Saa za jioni zina kazi moja tu kwetu. Watu wengi wakiwasha kwa pamoja, mitaa mingine umeme unakuwa mdogo na friza inahangaika. Gandisha mzigo mchana, jioni usiongeze maji mapya na usifungue fungue mlango. Friza iliyojaa na kufungwa vizuri inaweza kubaki na barafu hadi siku mbili hata umeme ukikatika.