Msukumo wa Kujiumiza Ukipanda

Mwenye bodalaini, lile tatizo la haiba ambalo hisia huwaka upesi na kuchelewa kuzimika, huweza kuona ujumbe wake umesomwa bila kujibiwa, na baada ya dakika chache akaamini kabisa kwamba ameachwa. Hapo ndipo msukumo wa kujiumiza unapoingia. Kumwambia "tulia, fikiri" ni kazi bure. Aanze na mwili.

Marsha Linehan, mwanasaikolojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, ndiye aliyebuni DBT, tiba inayotumika kwa tatizo hili, na mwaka 2011 alieleza hadharani kwamba ujanani naye alikuwa akijiumiza. Labda ndiyo maana mbinu zake hazina mahubiri. Mojawapo ni maji: jaza beseni maji baridi, inama, bana pumzi, zamisha uso mpaka machoni na mashavuni kwa nusu dakika hivi, au pungufu. Mapigo ya moyo hushuka, kama yanavyoshuka kwa mpiga mbizi. Huna beseni? Kitambaa kilicholoweshwa maji ya friji nacho kinasaidia. Mwenye ugonjwa wa moyo, au anayejinyima chakula, amwulize daktari kwanza.

Kisha jipe muda. Msukumo hupanda, hufika kileleni, halafu hushuka hata usipoutii. Usiape kwamba hutajiumiza tena maishani. Kiapo hicho kinakuelemea bure. Sema tu: robo saa hii, hapana. Ikiisha, anza nyingine. Toka chumbani ukae walipo watu, hata kama huongei. Vitu unavyoweza kujidhuru navyo mkabidhi mtu mwingine mapema, siku umetulia. Pombe usiiguse.

Siku hiyohiyo ya utulivu, andika ujumbe uuhifadhi kwenye simu: "Niko vibaya. Usinishauri, kaa nami tu." Msukumo ukishapanda, hata sentensi fupi hiyo haitungiki.

Nawe dada au rafiki unayeupokea, usimwambie anatafuta kuonewa huruma. Mwulize waziwazi kama anafikiria kufa. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akikubali, au akiwa ameshajidhuru, usimwache peke yake. Mfikishe hospitali, kitengo cha dharura, hata kama ni usiku wa manane.

Kesho yake, chukua daftari uandike kilichotangulia, bila kujitukana. Kwa mfano: "Jana sikulala. Mchana sikula. Saa tatu usiku nikaona amesoma, kimya. Nikajifungia." Ujumbe usiojibiwa ndio unaolaumiwa kila mara, lakini tazama: palikuwa na njaa na kukosa usingizi kabla yake, na mlango uliofungwa baada yake. Majibu ya mtu mwingine huyawezi. Chakula cha mchana unakiweza. Ukienda kliniki, daftari hilo nenda nalo, maana mtaalamu atalifanyia kazi vizuri kuliko maelezo ya "nilijisikia vibaya tu".