Nguvu za Mkubwa Zatoka Wapi?

Penye watu watatu wa kazi moja, mmoja huamuru na wawili hufuata. Ndivyo ilivyo kijijini, katika chama cha wakulima, katika kamati ya kisima, hata katika ofisi za serikali. Mtu akiulizwa kwa nini fulani husikilizwa, hujibu upesi: "Kwa sababu ni mkubwa." Lakini jibu hilo halijibu kitu, maana swali lenyewe ni hili: ukubwa wake umetoka wapi, nao utadumu mpaka lini?

Upande wa magharibi wa mji wa Kisangani pana mahali paitwapo Simi-Simi, penye kiwanja cha ndege. Zamani mji huo uliitwa Stanleyville. Mwanzoni mwa Agosti 1964 wapiganaji walioitwa Simba waliuteka. Askari wa jeshi la taifa waliokuwamo walikuwa na bunduki, na Simba wengi walishika mikuki na mapanga tu. Hata hivyo askari wengi walikimbia, kwa kuwa walisadiki kwamba dawa ya Simba hugeuza risasi kuwa maji. Hapo laonekana jambo la kufikiriwa sana. Bunduki haikuwa na nguvu mkononi mwa mtu aliyeamini kwamba haina nguvu. Nguvu za mtawala hukaa kwanza moyoni mwa yule anayemtii.

Simba nao wakatawala kwa kitisho. Makarani, watumishi wa serikali na wenyeji wengine waliosoma waliuawa, na wageni wakashikwa kuwa mateka. Kitisho kina upesi wake: watu hutii siku ile ile. Lakini hakifanyi kazi ila mwenye kutisha awepo, akitazama. Alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964, askari wa miavuli wa Ubelgiji wapatao 320 walishuka Simi-Simi. Mapipa na magari yaliyowekwa kuziba njia ya ndege yakaondolewa, ndege zikatua, na siku hiyo hiyo mji ukatoka mikononi mwa Simba. Haikuwa siku ya furaha tupu. Mateka kadhaa walipigwa risasi barabarani kabla hawajafikiwa, na baadaye raia wengi waliuawa kwa kisasi. Utii uliojengwa kwa hofu miezi mitatu na zaidi uliyeyuka kwa asubuhi moja.

Wako wakubwa wasiotisha, bali hugawa: chumvi, nguo, fedha, kazi nyepesi kwa rafiki. Hao husikilizwa mpaka gunia liwe tupu.

Tena kuna cheo. Kwa amri ya tarehe 2 Mei 1910 Wabelgiji walipanga utawala wa machifu nchini Kongo, na chifu aliyekubaliwa na serikali alivikwa medali. Mara nyingine aliyevikwa alikuwa mtu wa ukoo wa haki, na watu wakamfuata bila manung'uniko. Mara nyingine alikuwa mtu wa serikali tu. Huyo watu walimpa kodi na salamu, lakini mashauri ya ardhi na ya mirathi waliyapeleka kwa mzee asiye na medali. Serikali yaweza kumpa mtu medali. Haiwezi kumpa ukoo. Hata hivyo cheo si kitu cha kudharauliwa. Pasipo cheo, watu wangebishana kila asubuhi nani afungue mkutano, na jua lingewakuta hawajashika jembe.

Mwaka 1959 wataalamu wawili wa Marekani, John French na Bertram Raven, walihesabu vyanzo vitano vya nguvu: adhabu, zawadi, haki ya cheo, ujuzi, na heshima ya mtu mwenyewe. Baadaye Raven aliongeza cha sita, nacho ni habari. Mwanakijiji ye yote angeweza kumwambia hivyo tangu mwanzo, maana anamjua mwandishi wa chama. Mwenyekiti ndiye akaliaye kiti. Mwandishi ndiye mwenye daftari na ufunguo wa sanduku. Barua ikifika, yeye huijua kwanza. Aweza kuisoma leo, aweza kuisahau mpaka wiki ijayo. Hatoi amri hata moja, na chama kizima humngojea.

Ujuzi ni jambo jingine. Penye maporomoko ya mto Kongo, Wagenia husimika nguzo ndefu katikati ya maji ya kasi na kufunga mitego mikubwa ya kusukwa. Mtumishi wa serikali akifika pale na kofia yake, hamwambii mzee wa Wagenia nguzo isimame wapi. Maji hayajui kofia. Lakini huyo mzee akipewa kutunza fedha za chama kwa sababu tu ni hodari wa mto, chama kimekosea njia.

Imebaki heshima ya mtu mwenyewe, nayo ni chanzo kigumu kuliko vyote. Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta hapo Stanleyville, na aliongoza vyama vya wenyeji waliosoma. Mwaka 1958 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha MNC. Baada ya ghasia za Stanleyville za Oktoba 1959 alikamatwa, na Januari 1960 akahukumiwa kifungo cha miezi 6. Hakuwa na cheo cha serikali, wala fedha, wala askari. Lakini wajumbe wa Kongo waliokutana Brussels walidai aletwe, na siku chache baada ya hukumu akafunguliwa na kupelekwa huko. Mwezi wa Juni mwaka huo huo akawa waziri mkuu. Sasa cheo alikuwa nacho. Jeshi hakuwa nalo. Septemba Rais Kasavubu alitangaza kumwondoa, Mobutu akashika utawala kwa nguvu za askari, na tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa Katanga.

Nguvu za jina lake hazikuzikwa. Simba wa mwaka 1964 waliapa kwa jina la Lumumba, na mbele ya ukumbusho wake mjini Stanleyville watu waliuawa. Aliyekufa hawezi kuwakataza wanaotumia heshima yake.

Maswali ya kuzungumza

1. Mkuu wa kikundi chenu husikilizwa kwa sababu gani: anaogopwa, anagawa, ana cheo, anajua kazi, au anaheshimiwa?

2. Daftari na ufunguo viko kwa nani, na nani hukagua?

3. Mkuu huyo akiondoka leo bila cheo na bila mali, nani atakwenda nyumbani kwake kesho kumwomba shauri?