KAZI YA MSIBA NAYO NI KAZI

Tuseme umetokea msiba hapa Igamba mwezi wa Machi, mvua inanyesha. Tangu alfajiri vijana sita wako makaburini na majembe, sururu na machepe. Ikifika saa saba waombolezaji wamekwisha kula. Wachimbaji je? Wao hupelekewa dumu la pombe, ugali unakuja baadaye, umepoa. Kisha mzee mmoja anawafokea kwamba wanachelewesha mazishi.

Hii ni kazi, ingawa wengi hatuiiti hivyo. Na wapo wanaoifanya kwa mshahara: seremala wa majeneza, dereva wa gari la maiti, mhudumu wa chumba cha maiti hospitalini.

Tuanze na kaburi. Udongo uliolowa ni mzito, tena huporomoka ghafla. Shimo la futi 6 linawapita watu wengi kimo. Mtu akifukiwa hadi kifuani anaweza kukosa pumzi hata kama kichwa kiko nje, maana kifua hakipati nafasi ya kupanuka. Kwa hiyo udongo utupwe mbali na ukingo, watazamaji wasisogee, na mchimbaji asiachwe peke yake shimoni. Chimbeni kwa zamu. Pombe ingoje kazi iishe. (Mimi ningependa uji, lakini najua nitachekwa.)

Wachimbaji wachague kiongozi wao kabla ya kuanza. Akisema "tokeni", wote watoke. Na kijana anayeona ufa ukutani akasema, asiitwe mwoga. Akichekwa leo, siku nyingine atanyamaza, na hapo ndipo watu hufa.

Kwenye kuosha maiti ni vivyo hivyo. Wakati wa ugonjwa wa Ebola Afrika Magharibi, watu wengi waliambukizwa kwa kugusa maiti. Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mazishi salama na yenye heshima. Waliozika walikwenda kwa vikundi, mmoja akimkagua mwenzake mavazi ya kujikinga. Kwetu, ukishuku kipindupindu au ugonjwa usiojulikana, usiguse. Mwite kwanza mtu wa afya. Mhudumu wa chumba cha maiti aulize pia juu ya chanjo ya homa ya ini aina ya B.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda afya za wafanyakazi wake. Asikuambie glavu ujinunulie.

Lakini kuna mzigo ambao glavu hazizuii. Mhudumu wa maiti hutaniwa sokoni, wengine hata mkono hawampi. Seremala anapima mbao za jeneza la mtoto, usiku hapati usingizi. Wenzake wasimwambie "jikaze, wewe mwanaume". Wamwulize, "Umelalaje?" kisha wamsikilize. Kazi ya maiti za watoto wapokezane, isimwangukie mtu mmoja kila mara. Aliyefiwa mwenyewe apumzishwe, wenzake washike zamu yake.

ZUNGUMZENI KATIKA KIKUNDI
1. Katika kijiji chenu, nani huwapelekea wachimbaji maji na chakula, na saa ngapi?
2. Mchimbaji akiumia, nani atamfikisha zahanati, na kwa fedha zipi?
3. Je, daftari la chama chenu cha kuzikana lina fungu la kununua glavu na machepe?